Mdomo Usio na Kibali

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lenye kuimbika, lakini Chuo Kikuu cha Taifa kikaomba muda wa kulifanyia utafiti kuona kama linatufaa, na serikali yetu, ambayo haikohoi bila utafiti, ikalivua ikalikabidhi. Mpaka leo halijarudi. Kwenye mashindano ya kimataifa wanariadha wetu huingia uwanjani na bango jeupe, na mtangazaji husema, "Na hawa hapa, wale wengine." Hatulalamiki. Tumeambiwa matokeo ya awali yanatia moyo.

Haya ninayoyasimulia yalitokea mtaani kwetu, Mtaa wa Kombo. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliambiwa na aliyeyaona, na machache niliambiwa na mtu anayemjua aliyeyaona. Kwa hiyo yote ni kweli.

Mtaa wa Kombo umebarikiwa. Hakuna mtaa uliotafitiwa kama wetu. Chukua shimo letu. Lilikuwa shimo la kawaida katikati ya barabara, la kuvunjia ekseli na kupotezea viatu. Tulipoomba lizibwe, Chuo kikatuma mtafiti. Akalipima upana, akalipima kina, akawahoji waliotumbukia, akapata shahada ya uzamivu. Akaja mwenzake kuchunguza faida za shimo kwa fundi baiskeli, naye akapata yake. Siku mafundi wa manispaa walipokuja na kokoto wakakuta limezungushiwa senyenge, lina mlinzi mwenye kofia, na kibao: ENEO LA UTAFITI. KUZIBA NI KOSA. Sasa huletwa wageni kulitazama.

Au shule yetu ya msingi. Watoto walikuwa wanakaa sakafuni. Chuo kikaja na utafiti mkubwa: kwa nini mtoto anayekaa sakafuni hashiki hesabu? Madawati yakaletwa siku hiyohiyo, ya mninga, yananukia. Wakayakalia watafiti. Ni haki yao, maana utamchunguzaje mtoto aliye sakafuni na wewe uko sakafuni? Utafiti ulipokwisha madawati yakarudi Chuo, na ripoti ikasema kuna dalili kwamba watoto wanatazama juu sana.

Mahakamani nako kulikuwa na utafiti wa kwa nini kesi zinaahirishwa. Huo umeahirishwa.

Lakini fahari ya fahari zote ni Sera ya Taifa ya Mlango wa Nyuma. Hii ilitoka kwenye kitabu cha Mkuu wa Chuo mwenyewe, Profesa Anselimu Kagoloba, kitabu kinene cha kuzuilia gurudumu la gari, kinachoeleza maisha yetu sisi wa Mtaa wa Kombo. Humo alithibitisha kwamba ndoa za mjini huvunjika kwa sababu nyumba zina mlango mmoja: mke anatoka kwa hasira, anakutana na mume anayeingia kwa hasira, wanaanza upya. Serikali ikaamuru kila nyumba itobolewe mlango wa nyuma. Sasa sisi huku nyumba zimeegemeana mgongo kwa mgongo, kwa hiyo mlango wangu wa nyuma unafungukia chumbani kwa Mzee Tindwa. Hatuna ugomvi. Tunabisha hodi.

*

Sasa nimlete Bi Kidawa.

Bi Kidawa Mfaume ni msusi. Anasukia barazani kwake, pale mkabala na shimo, juu ya mkeka uliochakaa katikati kwa kukaliwa. Ukienda kusuka kwa Bi Kidawa unakaa tangu chai ya asubuhi mpaka wali wa mchana, na muda wote huo unasikia. Nani kaposa, nani karudisha posa, nani kanunua friji na haina kitu ndani. Anayekuja kusuka ni mmoja, wanaokuja kumsindikiza ni kumi, na wanaopita njia wakasimama kidogo tu hawahesabiki.

Sisemi alikuwa hakosei. Alishamzika Mzee Tindwa mara mbili, na mara ya pili mzee alikuja mwenyewe kuuliza matanga yake yamefikia wapi. Lakini Bi Kidawa alikuwa na adabu ya kazi yake. Kila habari aliianza kwa kusema, "Usimwambie mtu," na kila mtu aliahidi.

Taabu ilianza Chuo kilipoleta watafiti kutuuliza kuhusu mshikamano wa jamii mijini. Walizunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba. Mzee Tindwa akawajibu, "Hilo kamuulizeni Bi Kidawa." Muuza mkaa akasema, "Kama alivyosema Bi Kidawa." Mimi nikawaambia, "Bi Kidawa hajasema bado, rudini kesho." Profesa Kagoloba alipoyasoma majibu alikuta mtaa mzima una mtu mmoja.

Akapanda hewani, kwenye redio ya taifa, akatamka kwa sauti ile ya kuvalia joho:

"Ndugu wananchi, taifa linavuja! Habari zinakusanywa bila mbinu, zinachambuliwa bila nadharia, zinachapishwa kwa mdomo kabla ya kuhaririwa! Wakati Chuo kinahitaji miaka mitano kujua ndoa imevunjika, barazani wanajua kabla bibi harusi hajajua! Je, huu si uhujumu wa elimu?"

Bunge likajibu ni uhujumu, na ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Utafiti Holela. Ilisema hivi: ni kosa kwa mtu yeyote asiye na kibali cha Chuo kukusanya, kuchambua, kutia chumvi au kusambaza habari za mtu mwingine kwa kutumia mdomo, jicho au kikohozi chenye maana.

*

Tulitaabika mwanzoni, hasa kwenye salamu. Askari walituelimisha kwamba "Hujambo, watoto hawajambo, za huko utokako?" ni dodoso. Ni maswali matatu, na hakuna ridhaa ya maandishi. Ikabidi tusalimiane kwa taarifa tu.

"Wewe ni mzima," nilikuwa namwambia muuza mkaa.

"Na wewe unaelekea hivyo," naye ananijibu, tunapita.

Wanaume wa mtaa waliipokea sheria kwa ngoma. Wakili mmoja alikuwa amewaeleza kwamba mke akimuuliza mumewe "Ulikuwa wapi?" hayo ni mahojiano bila kibali, ana kesi. Wakacheza, wakarudi nyumbani wakati waliotaka, wakakuta kimya. Hakuna aliyewauliza walikuwa wapi. Hakuna pia aliyewauliza "Utakula?" Wakashinda njaa kisheria. Wiki ya pili walikuwa wanapita barabarani wakisema wenyewe kwa sauti, bila kuulizwa, "Mimi nilikuwa kwa fundi cherehani! Jamani, nilikuwa kwa fundi cherehani!"

Na Bi Kidawa? Aliendelea vilevile. Tulimwonya.

"Bi Kidawa, shoga, utafungwa."

"Nifungwe kwa lipi? Mimi nasuka."

"Unasuka na unasema."

"Sasa mwanangu, mikono ikifanya kazi mdomo ukae wapi?"

*

Siku ya kukamatwa kwake baraza lilikuwa limefurika mpaka watu wamekaa juu ya senyenge ya shimo. Aliyekuwa anasukwa ni mama mmoja mnene, mtaratibu, tuliyezoea kumwita Mama wa Mbali, maana hakuna aliyejua atokako. Alikuwa akija kila wiki amejifunika ushungi na miwani myeusi, haondoi miwani hata akiinamishwa. Alikuwa na harusi ya bintiye Jumamosi, akataka msuko wa twende kilioni wenye mistari myembamba, kazi ya kutwa. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, unang'aa kama shamba la mpunga. Upande wa kulia ulikuwa umechanuliwa, umesimama wima, unangoja.

Na Bi Kidawa alikuwa amefika patamu.

"Usimwambie mtu," akasema, nasi sote, watu kama arobaini, tukaahidi. "Kile kitabu cha Profesa Kagoloba, mnadhani kakiandika yeye? Thubutu! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa hata kwa bahati mbaya! Nawaambia aliyekiandika kitabu kile hasa ni—"

Askari akamshika bega.

Jamani. Nimewahi kuona watu wakiporwa, nimewahi kuona nyumba ikiungua. Sijawahi kusikia mguno kama ule. Bi Kidawa akapandishwa kwenye gari na chanuo mkononi, baraza likapigwa kufuli la mlango ingawa halina mlango, na Mama wa Mbali akabaki kwenye kigoda, nusu bibi harusi, nusu moto wa nyika.

Mkitaka kujua kwa nini hakwenda kumaliziwa kwa msusi mwingine, basi nyie si wa huku. Kwetu kichwa kilichoanzwa na msusi mmoja hakimaliziwi na mwingine. Si sheria, ni heshima ya kazi. Alizunguka mji mzima na ushungi wake, na kila msusi alipoufunua aliona mkono wa Bi Kidawa, akaufunika tena taratibu kama anafunika maiti.

"Pole, mama," walimwambia. "Huyo mpaka mwenyewe atoke."

*

Sasa hili la nyumbani kwa Profesa nililipata kwa mpishi wao, ambaye hasemi uongo isipokuwa kwenye nyama.

Profesa alirudi na furaha zake, mhalifu keshakamatwa. Akamkuta mkewe mezani, Mama Eligia, ushungi umemwanguka. Akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Mama Eligia! Hicho kichwa kimepatwa na nini?"

Mkewe akamimina chai. "Hilo ni swali, Baba Eligia. Una kibali?"

Profesa akaweka mkoba chini. Sheria aliiandika kwa mkono wake. Kibali cha kumhoji mtu wa familia alikiwekea masharti yeye mwenyewe: upate idhini ya mhojiwa na barua ya mtu asiye na maslahi. Akakaa. Akajaribu kwa taarifa, kama sisi.

"Naona kichwa chako kina pande mbili."

"Ni kweli kabisa, mume wangu."

"Nadhani kuna sababu."

"Na mimi nadhani."

"Jumamosi ni harusi ya mtoto wetu."

"Tunakubaliana kwa kila kitu leo," akasema Mama Eligia, akamsogezea sukari.

*

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Ilikuwa ya kwanza kutoahirishwa katika historia ya mahakama ile, na makarani walikuwa hawajui wakae wapi. Mtaa wa Kombo wote ulihamia huko na mikeka. Mwenye karanga alikuja, mwenye kahawa alikuja, mlinzi wa shimo aliliacha shimo peke yake.

Ulichotaka upande wa serikali kilikuwa wazi: baraza livunjwe, mkeka uchomwe, na Bi Kidawa asiruhusiwe tena kukaa na mtu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, maisha yake yote.

Nilimtazama Bi Kidawa kizimbani. Mwanamke yule hajawahi kuwa mdogo, lakini siku ile alikuwa amenywea. Hakimu, Mheshimiwa Dihenga, mzee wa masikio makubwa na huruma ya wastani, akamuuliza kama ana neno. Hakuwa na wakili.

"Mheshimiwa, ndani kwangu kuna kitanda na ndoo," akasema. "Marehemu mume wangu hakuniachia kingine, na watoto wameolewa mbali. Watu wangu wako pale nje barazani. Mkilivunja, mimi nitabaki nasikiliza ndoo."

Hata mwenye karanga aliacha kufunga karatasi.

Profesa Kagoloba akasimama kama shahidi mtaalamu. Alikuja na joho, alikuja na kofia ya pembe nne, alikuja na fimbo ya kuonyeshea.

"Mheshimiwa, mshtakiwa ni hatari kwa sababu ana mbinu! Anafanya mahojiano ya kina kwa kisingizio cha chanuo. Sampuli yake ni kila mwenye nywele! Mhojiwa anashikwa kichwa, hawezi kukimbia, akikataa kujibu anavutwa! Sisi Chuoni tunaita hali hiyo ushirikishwaji wa jamii, lakini sisi tuna kibali!"

"Upo ushahidi wa alichosema siku hiyo?" Hakimu akauliza.

Karani akausoma. Akasoma habari ya posa, ya friji, ya mchumba wa binti wa muuza mkaa, na Hakimu akawa anasogea mbele kidogo kidogo kitini. Karani akafika mwisho: "'Nawaambia aliyekiandika kitabu kile hasa ni.'" Akafunga faili.

"Ni nani?" Hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, ushahidi unaishia hapo."

"Hauwezi kuishia hapo."

"Mshtakiwa alikamatwa hapo, mheshimiwa."

Hakimu akamgeukia askari kwa uchungu. "Wewe afande, neno moja tu lilikushinda kusubiri?"

"Mheshimiwa," askari akasema, macho chini, "hata mke wangu hanisemeshi kwa sababu hiyo."

Hakimu akamgeukia Bi Kidawa. "Mshtakiwa, ni nani?"

"Napinga!" Profesa akaruka, kofia ikamwendea upande. "Hilo ni swali la utafiti! Mahakama haina kibali! Na vibali natoa mimi, na mimi sitoi!"

Tukaona jasho likimtiririka Profesa, na mtu akitoka jasho hivyo mtaani kwetu tunajua kuna kitu. Minong'ono ikaanza. Kaandika ndugu yake. Kaandika mwanafunzi akamnyang'anya. Kaandika Mzungu. Hakimu akagonga meza, akasema mtu asiyenyamaza atatolewa nje, lakini kwanza aseme amesikia nini.

Hapo nyuma ya ukumbi mtu akapiga ukelele.

"Basi! Ni mimi!"

Alikuwa Mama wa Mbali. Akavua miwani. Akavua ushungi. Upande wa kushoto ulimeremeta, upande wa kulia ulisimama kama unaapa. Profesa akashika meza.

"Mama Eligia?"

"Mimi, Baba Eligia. Bi Kidawa keshanijua, anataka kunitaja, na kesho kutwa mtoto anaolewa. Bora niseme mwenyewe niachiwe msusi wangu. Mheshimiwa, ni mimi nilikuwa nakwenda barazani kila wiki. Nikirudi jioni namsimulia mume wangu tukila. Nikinyamaza hali, nikisimulia anakula na kuandika. Kitabu ndiyo hicho."

Ukumbi ulilipuka. Hakimu aligonga mpaka nyundo ikang'oka kichwa.

"Na ule utafiti wa milango?" akauliza, maana yeye mwenyewe mlango wake wa nyuma ulitobolewa ukatokea bafuni.

Mama Eligia akashusha sauti. "Wiki hiyo barazani kulikuwa na msiba, sikusikia kitu. Na mimi nilikuwa nataka mlango wa nyuma nyumbani kwangu, nipate kutoka kwenda kusuka bila kuulizwa. Mume wangu hafanyi jambo la nyumba bila utafiti. Nikamwambia wanawake wa Mtaa wa Kombo wanasema ndoa zinavunjika kwa kukosa mlango wa nyuma. Sikujua atawatobolea watu wote."

Mimi na Mzee Tindwa tulitazamana. Mzee akasema tu, "Kumbe."

Bi Kidawa alikuwa bado ameshika kizimba, mdomo wazi. "Yaa rabi! Kumbe ndiyo wewe? Mimi nilikuwa nasema ni mlinzi wa shimo!"

"Mimi?" mlinzi wa shimo akasema kutoka dirishani.

"Si wewe kutwa umekaa na kalamu sikioni, baba! Ningejuaje?"

*

Hakimu aliingia ndani kufikiri, akatoka na hukumu ndefu. Akasema kitabu cha Profesa hakiwezi kufutwa, kwa sababu kimeshanukuliwa na vitabu vingine, ambavyo vimenukuliwa nacho. Akasema milango ya nyuma haiwezi kuzibwa, maana hakuna utafiti unaoonyesha jinsi ya kuziba. Akasema Mama Eligia hana kosa, kwa sababu mke kumsimulia mumewe mezani si kusambaza bali ni kupakua. Profesa naye hana kosa kwa kuwa ana kibali. Akabaki mtu mmoja tu wa kuhukumiwa, na serikali haiwezi kutoka mahakamani mikono mitupu.

"Bi Kidawa," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "nina njia mbili za kukuachia baraza lako, uchague. Ya kwanza, baraza liwe tawi la Chuo Kikuu. Wewe utakuwa Mhadhiri Mwandamizi, utapewa joho na kiti cha kuzunguka, na kila utakalotaka kusema litapelekwa kwanza mbele ya kamati. Ya pili ni kifungo. Utakaa barazani kwako, utasuka kama kawaida, lakini kwa mwaka mzima hutafungua mdomo mbele ya mtu."

Wengine tulianza kupiga vigelegele. Joho! Mtaa wa Kombo! Bi Kidawa akatunyamazisha kwa mkono.

"Mheshimiwa, hiyo kamati hukaa lini?"

Hakimu akamtazama Profesa. Profesa akatengeneza kofia.

"Kamati haijaundwa bado," akasema. "Tunafanya utafiti wa wajumbe."

"Basi nipe kifungo, mheshimiwa," Bi Kidawa akasema. "Chenyewe kina mwisho."

Yakawa maneno yake ya mwisho kwa mwaka mzima. Alishuka kizimbani, akamketisha Mama Eligia kwenye ngazi za mahakama, akachomoa chanuo, akaumaliza ule upande wa kulia kimya kimya, huku Profesa amesimama kando ameshika miwani na ushungi wa mkewe. Harusi ilifana. Nilikula mara mbili.

*

Tulidhani baraza litakufa. Nani atakwenda kukaa na mtu asiyesema?

Siku za kwanza tulikaa tu, tunasikiliza chanuo. Halafu muuza mkaa hakuvumilia ule ukimya, akaanza kusema mwenyewe. Akaeleza mambo ya binti yake, akaendelea na ya mkewe, akamalizia na yake ya ujanani ambayo hata sasa natamani nisingeyasikia. Bi Kidawa hakumuuliza kitu. Hakutia neno. Alisuka na kutikisa kichwa. Na tulipoangalia sheria vizuri tukaona hapa hakuna kosa: hakuna swali, hakuna mhojaji, na msikilizaji amenyamazishwa na mahakama.

Basi, watu walivyomiminika! Ukimya wa Bi Kidawa ulikuwa kama shimo letu, kila apitaye anatumbukia. Wakaja wa mitaa mingine. Wakaja hata wanaume wenye vipara, wanakaa kwenye kigoda wamejiinamisha kwa heshima ya kazi, Bi Kidawa anawapaka mafuta utosini, wanasema. Mzee Tindwa alisema yake. Mimi nilisema yangu, tena siku mbili. Askari yule alikuja na mke wake, kila mmoja kwa zamu. Ijumaa moja akaja Profesa Kagoloba mwenyewe, bila joho, mara yake ya kwanza kukanyaga Mtaa wa Kombo. Akajipanguza, akakaa, akaanza, "Bi Kidawa, hujaniuliza, na sijaulizwa," na hakunyamaza mpaka wali ukaliwa. Mheshimiwa Dihenga alikuja na kofia imeshushwa machoni, akidhani hatumjui kwa masikio yale.

Na mwaka ukapita.

Siku ya kifungo kuisha tuliamka kama sikukuu. Tukakodi maturubai, tukapika pilau, wanawake tukashona sare. Baraza lilijaa, barabara ikajaa, watu wakaning'inia kwenye milango ya nyuma. Mheshimiwa Dihenga alikuja rasmi kumfungua, akasoma karatasi, akasema, "Bi Kidawa Mfaume, kuanzia sasa hivi mdomo ni wako."

Tukapiga makofi. Bi Kidawa akanywa maji. Akajikohoza. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, taratibu, safu kwa safu: muuza mkaa, Mzee Tindwa, askari, mke wa askari, Mama Eligia, Profesa, mimi. Na kila jicho lake lilipotua, mtu alikumbuka alichomwambia. Makofi yakapungua. Yakaisha.

"Mheshimiwa," Profesa akanong'ona, "adhabu hiyo haiwezi kuongezwa kidogo?"

"Nilikuwa najiuliza hivyohivyo," Hakimu akasema.

"Hata miaka mitano," akasema muuza mkaa. "Anapendeza akinyamaza."

Bi Kidawa akakunjua mkeka. Akaketi, akanyoosha miguu, akachukua chanuo lake.

"Usimwambie mtu," akasema. "Haya. Nianze na nani?"

Tulikimbia, jamani. Pilau likamwagika, turubai likatuangukia, Mkuu wa Chuo Kikuu aliruka senyenge ya shimo kama swala. Tulikimbia mpaka kona ya msikiti, na pale konani, bila mtu kumwambia mwenzake, tukasimama. Kwa sababu ukikimbia utasemwa vilevile, ila hutasikia.

Tukarudi. Tukajibana, tukasogezeana, Mheshimiwa Dihenga nikampakata nusu. Na Bi Kidawa akaanza na mimi.